Mbambakofi: Mti Usiokatwa na Aliyeupanda

Ndugu wakulima wa Dabaso, Gede, Mida, na skimu zote hadi Ngerenya na Tezo-Roka, hapana haja ya mtu yeyote kuja kuwafundisha faida ya mnazi, mwembe au mkorosho. Mwazijua. Na katika miaka hii mvinje nao umeenea sana, kwa kuwa mkulima huupanda, hungoja miaka michache tu, kisha huukata na kuwauzia wajenzi fito na nguzo. Hiyo ni kazi njema na yafaa iendelee.

Lakini uko mti mmoja ambao mashamba mengi yameukosa, nao ni mti wa kwetu hasa. Mwembe ulitoka Bara Hindi, na mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil. Mti huu haukuletwa na mtu. Ulikuwapo katika nchi hii kabla ya jembe la kwanza kupiga udongo wa Gede. Mti huo ni mbambakofi.

Maoni yetu ni haya: kila mwenye shamba la skimu, liwe ni la ekari mbili au kumi na mbili, apande mibambakofi mitatu au minne kando ya shamba lake. Na kama uko mmoja ulioota wenyewe, asiukate wala asiuchome moto.

Twajua jibu ambalo wengi watalitoa. Watasema, "Mti huo hukua polepole mno. Nitakufa kabla ya kuona faida yake. Mtoto anadaiwa karo mwezi huu, nami niende kupanda mti wa mjukuu?" Hilo si jibu la mvivu. Ni jibu la mtu mwenye shida za kweli, na anastahili kujibiwa kwa hoja wala si kwa kukemewa. Basi na tuutazame kwanza mti wenyewe, kisha tuipime hoja yake.

MTI WENYEWE

Wataalamu wa mimea huuita mbambakofi kwa jina la Afzelia quanzensis. Neno la kwanza ni ukumbusho wa Adam Afzelius, mtaalamu wa Uswidi aliyekusanya mimea huko Sierra Leone mwishoni mwa karne ya 18. Neno la pili latokana na mto Kwanza wa Angola, kwa kuwa mtaalamu Friedrich Welwitsch, aliyeupa mti huu jina hilo mwaka 1859, alikuwa amefanya kazi yake katika nchi ile. Waona basi ya kwamba mti huu si wa Kilifi peke yake. Umeenea kutoka kusini ya Somalia hadi Afrika Kusini, na upande wa magharibi hadi Angola. Lakini Pwani hii ni kwao, na hakuna anayeweza kusema kwamba umekuja kujaribiwa.

Mbambakofi ni mti mkubwa. Penye udongo mzuri wenye kina hufika mita 20 au zaidi, na katika misitu minene huweza kukaribia mita 30. Shina lake huweza kupita unene wa mita moja, na matawi yake hutanda kwa upana kama mwavuli. Gome lake ni la rangi ya kijivu na kahawia, nalo hubanduka kwa vipande vya mviringo, likaacha madoa ya rangi nyepesi. Kwa madoa hayo waweza kuutambua hata wakati wa kiangazi ukiwa umepukutisha majani yote.

Jani lake ni kama la mkwaju kwa mpangilio, lakini ni kubwa zaidi. Kikonyo kimoja hubeba vijani vya jozi nne hadi sita, vilivyo laini na vyenye kung'aa. Majani mapya yakichipua huwa na rangi ya shaba, kisha hugeuka kuwa ya kijani.

Ua lake ni la ajabu kidogo. Maua mengi huwa na majani ya rangi manne au matano, lakini ua la mbambakofi lina moja tu, jekundu, lililosimama peke yake juu ya vijani vinne vya kijani. Lina harufu nzuri, na nyuki hulipenda.

Baada ya ua huja tunda, nalo ni ganda gumu kama ubao, jeusi au la kahawia nzito, lenye urefu wa kiganja cha mkono au kupita kidogo. Likikauka hupasuka pande mbili, na ndani yake mna mbegu nyeusi zinazong'aa, kwa kawaida kati ya sita na kumi. Kila mbegu imevikwa kikofia chekundu upande mmoja. Watu wengi huzijua mbegu hizi kwa sababu hutobolewa zikafanywa shanga. Lakini rangi ile nyekundu haikuwekwa kwa ajili ya shanga. Huwaita hondohondo na ndege wengine, ambao hula kikofia na kuiangusha mbegu mbali na mti mama. Panya na kuchakulo nao huzibeba mbegu na kuzificha, na zile wanazozisahau huota.

Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao ni jirani yenu upande wa magharibi, mbambakofi hupatikana zaidi katika ule msitu mchanganyiko wa upande wa bahari, penye mchanga wa kijivu na mvua nyingi kuliko pande za bara. Msitu wote una kilomita za mraba 420 hivi, lakini sehemu hiyo yenye miti ya namna nyingi ni hekta 7,000 hivi tu. Zilizobaki nyingi ni za mrihi na za mfunda. Sasa tazama udongo wa shamba lako. Ukiwa Dabaso au Gede, huenda ukawa ni mchanga ule ule wa kijivu. Ndiyo kusema, shamba lako ni nchi ya mbambakofi iliyofyekwa.

MBAO YAKE, NA KWA NINI MTI UMEPUNGUA

Mbao ya mbambakofi ina rangi ya kahawia yenye wekundu. Ni nzito, ngumu, haijipindi sana ikikauka, na mchwa huishindwa. Ndiyo maana mafundi wa Pwani tangu zamani waliichagua kwa milango, fremu, vitanda, mitumbwi na sehemu za majahazi. Milango ya kuchongwa ya Lamu ambayo wageni huja kuipiga picha, mingi ni ya mbao hii. Fundi seremala atakuambia pia kwamba vumbi lake huwasha pua, kwa hiyo huufunga uso anapoipiga randa. Mbao ya mvinje ni nzuri kwa boriti na fito, lakini hapana fundi atakayekuchongea mlango wa kurithiwa kwa mvinje.

Sifa hizo ndizo zilizouponza mti. Kwa miaka mingi miti iliyonyooka na kunenepa ilitafutwa msituni ikakatwa, ikaachwa ile iliyopinda, iliyo na mapango, au iliyo michanga mno. Sasa fikiri kama mkulima. Wakati wa kuvuna mahindi, wewe huchagua gunzi gani kuwa mbegu? Huchagua gunzi refu lililojaa punje, ukalitundika juu ya moshi wa jiko. Gunzi dogo lenye mapengo walila. Kwa mbambakofi watu wamefanya kinyume. Gunzi zuri limeliwa, na baya limeachwa kuwa mbegu. Tukiendelea hivyo, hata miti itakayoota haitakuwa mizuri kama ile ya zamani, kwa sababu wazazi wema wamekwisha kuondoka.

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika maoni yetu. Hasara ya kuukata mbambakofi ulionyooka si gogo moja tu. Ni mbegu za miaka mingi ambazo gogo lile lingezizaa. Na kwa kuwa Arabuko-Sokoke umezungukwa na mashamba pande zote, hapana msitu mwingine wa karibu ambao mbegu njema zitatoka zikaja kuziba pengo. Mbegu njema zitatoka katika ile miti michache mizuri iliyobaki msituni, na katika mashamba yenu ninyi.

Shida hii haipo Kilifi peke yake. Mwezi wa Novemba 2022, mkutano wa nchi za ulimwengu zinazosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaani CITES, ulikutana huko Panama. Nchi hizo zilikubali kuiweka miti ya Afzelia ya Afrika katika orodha ya miti ambayo magogo yake, mbao zake na plaiwudi yake haviruhusiwi kuvuka mpaka wa nchi bila kibali. Sababu ni kwamba wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wakiitafuta mno. Mti ambao ulimwengu mzima unautaka, nawe una udongo unaoupenda, si mti wa kudharau.

NAMNA UNAVYOISHI NA UDONGO

Liko jambo moja juu ya mbambakofi ambalo wakulima wengi hawajalisikia, nalo ndilo sababu ya miche mingi kudumaa.

Mbambakofi ni wa jamii ya kunde, pamoja na maharagwe, mbaazi na mkwaju. Mkulima aliyefundishwa vizuri atasema mara moja, "Basi mizizi yake ina vinundu vinavyotia mbolea katika udongo." Sivyo. Mizizi ya mbambakofi haina vinundu hivyo. Badala yake imefanya urafiki na kuvu wa namna fulani walio ndani ya udongo. Kuvu hao huivika ncha za mizizi kama soksi, kisha hutandaza nyuzi zao nyembamba mbali sana ndani ya mchanga, wakauletea mti maji na chakula ambacho mizizi yake peke yake isingekifikia. Mti nao huwalipa kuvu kwa sukari inayotengenezwa na majani yake. Mrihi nao una desturi hiyo hiyo. Hivi ndivyo miti mikubwa kiasi kile iwezavyo kusimama katika mchanga ambao mahindi yakipandwa miaka mitatu huanza kuwa manjano.

Kwa hiyo mche wa mbambakofi uliootesha katika mchanga mtupu wa pwani, au katika udongo uliolimwa na kuchomwa moto miaka mingi, ni kama mtu aliyepelekwa ugenini bila jamaa. Huishi, lakini hakui. Dawa yake ni rahisi nayo haina gharama: tia katika kila mfuko wa mche konzi moja ya udongo wa juu uliotoka chini ya mbambakofi mkubwa. Lakini usiingie katika msitu wa Serikali kuchota udongo wala kuokota mbegu bila ruhusa. Uliza ofisi ya misitu ya Gede au chama chenu cha jamii cha misitu, au mwombe jirani mwenye mti shambani kwake.

NAMNA YA KUUPANDA

Kwanza, chagua mti mama. Usiokote mbegu chini ya mti wowote uliouona. Tafuta uliosimama wima, wenye shina refu lisilo na matawi chini, usio na pango. Okota maganda yaliyopasuka karibuni, maana mbegu zilizokaa chini muda mrefu hutobolewa na wadudu.

Pili, bandua kile kikofia chekundu, uziloweke mbegu katika maji ya kawaida usiku mmoja. Maji ya moto hayatakiwi. Zile zinazoelea zitupe.

Tatu, tumia mifuko mirefu. Mbambakofi hutangulia kuteremsha mzizi wake mkuu kabla ya kunenepesha shina, na mzizi ukifika chini ya mfuko mfupi hujikunja, na mti uliojikunja mzizi hausimami vizuri maisha yake yote. Panda kila mbegu kwa kina cha kiungo kimoja cha kidole, mwagilia, na kwa kawaida zitaanza kuota baada ya juma moja hadi majuma matatu.

Nne, uhamishe mche shambani mvua za masika zikishika vizuri, mwezi wa nne au wa tano. Usiuache kitaluni hadi mzizi utoboe mfuko na kuingia ardhini. Chimba shimo la futi mbili, rudisha udongo wa juu kwanza. Ukiona kazi ya kitalu ni nzito, panda mbegu mbili moja kwa moja katika shimo, ukazingire kwa matawi ya miiba ili panya na mbuzi wasikutangulie.

Tano, palilia duara la hatua moja kila upande kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, na kabla ya kuchoma takataka za shamba wakati wa kiangazi, safisha njia ya kuzuia moto. Mbambakofi mkubwa huweza kustahimili moto mdogo wa nyasi. Mche hauwezi.

Sita, samaki mkunje angali mbichi. Punguza matawi ya chini mti ukiwa mchanga, kidogo kidogo, ili upate shina refu. Mwenye shina la mita sita lililonyooka na mwenye shina la mita mbili lenye mafundo hawatalipwa sawa, hata kama miti yao ni ya umri mmoja.

Mahali pa kuupanda ni kando ya shamba, kando ya njia, au karibu na kisima. Usiupande katikati ya minazi wala karibu na ukuta wa nyumba, kwa sababu utatanda. Uache mwendo wa hatua kumi au zaidi kutoka mti hadi mti, na usiuweke juu ya mpaka wenyewe, bali ndani ya shamba lako, na jirani ajue. Kesi za miti ya mpakani zimekwisha kuharibu ujirani wa watu wengi.

MKULIMA ATAPATA NINI?

Sasa turudi kwa yule aliyesema atakufa kabla ya kuona faida.

Hoja yake ingekuwa na nguvu kama tungemwambia ang'oe mvinje apande mbambakofi. Hatumwambii hivyo. Mvinje ni wa karo, mnazi ni wa chumvi na mafuta ya taa, mahindi na mhogo ni vya tumbo. Mibambakofi minne ya kando ya shamba haichukui nafasi ya hata kimoja katika hivyo. Gharama yake ni mbegu za kuokota, mifuko minne, na jembe la asubuhi moja.

Tena si kweli kwamba mti haukupi kitu hadi ukatwe. Kivuli chake ni chako. Majani yake yanayopukutika ni yako. Nyuki huyajia maua yake, na mwenye mizinga apata asali. Na wako vipepeo wakubwa wenye nguvu, wa aina inayoitwa Charaxes, ambao hutaga mayai katika majani ya mbambakofi. Tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo ulioko Gede, chini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya, umekuwa ukinunua kutoka kwa wakulima wa kandokando ya Arabuko-Sokoke vifuko vya viwavi waliofugwa, ukaviuza ng'ambo kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mkulima afugaye viwavi anahitaji majani ya chakula chao, na kila mti wa asili alio nao shambani ni safari moja ya msituni iliyopungua.

Kisha iko mali yenyewe. Wazee wa Pwani walielewa jambo hili kuliko sisi. Mtu aliweza kumiliki minazi katika ardhi isiyo yake, akaiweka rehani minazi na ardhi ikabaki kwa mwenyewe. Mti ulikuwa ni akiba inayohesabiwa. Leo wengi wenu mna mashamba yenu wenyewe, lakini mmeacha kuihesabu miti kuwa akiba, isipokuwa ile inayozaa kila mwaka. Mbambakofi ni akiba ambayo haiibiwi mfukoni, hailiwi na harusi, na haipungui thamani mvua zikikosa. Mwenye kuupanda akiwa na umri wa miaka thelathini atauona ukiwa mti wa haja kabla hajazeeka, na mwanawe atakayerithi shamba atarithi pia milango ya nyumba yake ikiwa bado imesimama wima mpakani.

Wala si ndoto kusema kwamba mbao ngumu za asili zaweza kuwaletea watu wa kawaida fedha za halali. Katika wilaya ya Kilwa, kusini mwa Tanzania, vijiji vilikabidhiwa misitu yao kwa mujibu wa sheria. Mwaka 2009 vijiji vya kwanza huko vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kinachoonyesha kwamba mpingo na mbao nyingine hukatwa kwa kipimo, bila kuumaliza msitu. Walianza kwa kuihesabu miti yao. Asiyejua ana miti mingapi hawezi kujua akate mingapi.

JUU YA MBAO ZA USIKU

Hatuwezi kuyamaliza maoni haya bila kusema juu ya mbao zinazouzwa usiku. Kila mtu anajua zinatoka wapi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 yakataza kukata mti katika msitu wa Serikali bila kibali, na Februari 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma. Hata hivyo, mtu anapojenga nyumba huletewa fremu ya mbambakofi kwa bei ya chini, naye hunyamaza akanunua.

Ndugu mkulima, mbao hiyo si rahisi. Anayeuza gogo la wizi hakupanda, hakupalilia, wala hakungoja, kwa hiyo aweza kuuza kwa bei yoyote. Wewe utakapoleta mbambakofi wako wa halali sokoni, utashindana na bei yake. Kila fremu ya wizi inayonunuliwa Dabaso yashusha thamani ya miti iliyosimama katika mashamba ya Dabaso. Mnunuzi wa mbao za usiku anajiibia mwenyewe na mwanawe.

Na ili mti wako usije ukashukiwa kuwa ni wa msituni, fanya jambo dogo: andika. Chukua daftari, andika tarehe uliyopanda, idadi ya miti, na mahali ilipo katika shamba. Mwonyeshe Bwana Shamba au Bibi Shamba akija kukutembelea, na umwombe atie sahihi. Wakati wa kukata ukifika, mwanao ataenda ofisi ya misitu kuomba kibali cha kukata na kusafirisha akiwa na ushahidi mkononi. Daftari hilo litamfaa pia katika jambo lingine: Kanuni za Kilimo za mwaka 2009 zataka kila mwenye shamba awe na miti katika sehemu moja ya kumi ya ardhi yake, nayo mibambakofi imo katika hesabu.

SHAURI LETU

Misitu ya kaya ya Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu mwaka 2008. Haikufika hapo kwa sababu ya ua wa waya. Ilifika kwa sababu vizazi vingi vya wazee walikubaliana kwamba kuna miti isiyoguswa, na kila aliyezaliwa alikuta katazo hilo likiwa limekwisha kuwako. Hatuwaambii mfanye mashamba yenu kuwa kaya. Shamba ni la kulimwa na kulisha watoto. Lakini katika shamba la ekari nzima, mibambakofi minne yaweza kupewa katazo dogo la namna hiyo: hii haikatwi hadi ikomae, na ule ulionyooka kuliko yote utakatwa wa mwisho, ili uzae mbegu.

Kwa vyama vya wakulima, twatoa shauri hili: kabla ya masika, kila chama kichague mibambakofi miwili au mitatu iliyo bora katika eneo lake, iliyo mashambani, kikubaliane na wenye mashamba hayo kuihifadhi kuwa miti ya mbegu. Wenye miti hiyo walipwe kitu kidogo kwa mbegu, hata kama ni shilingi chache, maana mtu hukilinda kinachomletea kitu. Shule nazo ziombwe kuotesha miche. Mtoto aliyeotesha mbambakofi akiwa darasa la nne ataukuta kila akirudi likizo, na hatahitaji kuambiwa na gazeti asiukate.

Basi, ikiwa wajua ulipo mbambakofi ulionyooka katika shamba la jirani yako, mwendee juma hili umwombe maganda yaliyoanguka na konzi chache za udongo wa chini yake. Ikiwa mti huo uko katika shamba lako mwenyewe, safisha nyasi kavu zilizouzunguka kabla moto wa kiangazi haujapita, kisha umwambie jirani kwamba mbegu zipo.